Kuchakaa kwa Kawaida

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho
na gari limeoshwa, ingawa baridi ni ya kupasua kioo:
Mercedes nyeusi, miaka minane, maili elfu sitini na moja,
ngozi ya viti bado inanukia fedha za mtu mwingine.
Kizuri chajiuza, nikajisemea.
Lakini hiki kimemulikwa kwa taa tatu.

Ndani, Trygve Maki wa dawati la mikopo
ananitandazia karatasi tatu kama mcheza karata:
Shaba. Fedha. Dhahabu.
"Shaba ni injini na giaboksi," asema.
"Fedha yaongeza umeme. Dhahabu ni kila kitu."
Kila kitu?
"Kila kitu, isipokuwa vilivyoorodheshwa nyuma."

Nageuza nyuma.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Breki, hapana. Mipira ya milango, hapana.
Vioo, taa, betri, hapana na hapana na hapana.
Kutu, ambayo chumvi ya barabarani hutugawia kila mwaka
bila kuombwa, hapana.
Kisha, mwishoni, maneno matatu ninayoyajua
kama ninavyojua harufu ya mikono yangu:
kuchakaa kwa kawaida.

Ni maneno yangu.
Miaka ishirini na saba natengeneza meno ya bandia
katika chumba cha chini ya ardhi, nyuma ya duka la viatu,
na kila seti hutoka na kikaratasi chake:
miaka miwili, isipokuwa kutafuna barafu, kuanguka sinkini,
mbwa, na kuchakaa kwa kawaida.
Novemba Bi Halvorson aliniletea taya lake la juu
limepasuka, amelifunga kwenye leso.
"Nilikuwa nakula mkate tu," alisema, kiganja mdomoni.
Nikamwonyesha mstari. Kwa kidole hiki hiki.
Mkate, nilimwambia, ni kawaida.

Trygve anabofya kalamu.
Namuuliza kama alivyonifunza fundi Anatoli,
aliyelala chini ya gari hili jana kwa dola mia na ishirini
akatoka na doa la oili kwenye paji la uso:
Nikienda kwa fundi wangu mtalipa, au mpaka gereji yenu?
Kila likiharibika, natoa kiasi gani kwanza mfukoni?
Nani anaamua kwamba kitu kimekufa, hakijachoka tu?
Na springi za hewa? Ile ya nyuma kushoto, Anatoli alisema,
inapumua kama mtu aliyepanda ngazi na friji mgongoni.

Kalamu inatulia.
"Springi za hewa ni Dhahabu tu."
Dola elfu tatu na mia nne.
Springi moja, kwa Anatoli, elfu moja na mia mbili.
Ajali haina kinga, husemwa;
hapa kinga ipo, inauzwa kwa awamu, na riba juu.

Sikuchukua Dhahabu.
Nilichukua Shaba, miaka miwili, nikamtaka aandike kwa mkono wake
"fundi yeyote mwenye leseni." Akaandika. Akanuna.
Fedha iliyobaki nimeitia kwenye kopo la plasta
rafuni, kati ya mataya yasiyo na wenyewe.
Maren, mke wangu, asema nimejidhamini mwenyewe,
na kwamba mdhamini huyo anamfahamu.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri,
nasimama dirishani na soksi moja
nikichungulia kama limesimama sawa au limeinama kushoto.
Theluji imefunika magurudumu. Haisemi.
Nyuma yangu, kwenye benchi, taya la Bi Halvorson:
nimeliunga jana usiku, bila ankara,
na ufa bado unaonekana ukiliinua kwenye mwanga.
Nimeanza kumwandikia kikaratasi kipya.
Nimefika kwenye neno isipokuwa,
na chai inapoa.